Nani Anayelipia Majumba ya Kifahari? Majibu kutoka Eastlands

Zamani jumba la tajiri ulilijua kwa lango lake tu. Leo kijana wa Umoja, akiwa amebanwa kwenye kiti cha nyuma cha matatu, anafungua simu na kutembezwa sebule ya Runda yenye ngazi mbili, kidimbwi cha kuogelea na jiko la pili la kupikia wageni, kisha mtangazaji anataja bei. Chini ya video hizo, na barazani kwetu pia, yamezoeleka maneno fulani kuhusu nyumba hizo na kuhusu sisi wa Eastlands, mashariki ya jiji la Nairobi. Yanarudiwa na mawakala wa nyumba, yanarudiwa na wanasiasa, yanarudiwa hata na wazazi wetu. Mengi hayana ukweli. Nayajibu hapa kwa sababu maneno ya aina hii yakinyamaziwa hugeuka sera, na sera ikishapitishwa, mtu wa Jericho au Makongeni ndiye anayeletewa barua ya kuhama.

"Eastlands ni bei nafuu, ndiyo maana watu wamejazana huko."

Tupige hesabu. Singo rumu ya Pipeline, kule Embakasi, huwa futi kumi kwa kumi, yaani futi mia moja za mraba. Kwa kodi ya shilingi 6,000 kwa mwezi, mpangaji analipa shilingi 60 kwa kila futi ya mraba. Sasa vuka jiji uende Kileleshwa. Fleti ya vyumba vitatu vya kulala yenye futi za mraba 1,600, ikikodishwa kwa shilingi 95,000, inagharimu chini ya shilingi 60 kwa futi. Hapo kuna lifti, kisima, jenereta, maegesho na mlinzi. Panda hadi Runda ukakodi nyumba kwa shilingi 400,000 kwenye kiwanja cha nusu ekari: ukigawa kodi hiyo kwa eneo lote unalolifungia lango, unapata shilingi 18 hivi kwa futi. Mpangaji wa Pipeline analipia kila futi yake sawa na mtu wa Kileleshwa, na zaidi ya mara tatu ya yule wa Runda anayehesabu na bustani.

Na anapata nini kwa pesa hizo? Ingia ndani ya ploti uone. Korido ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana na mitungi, mmoja husimama kando. Taa ya korido huwaka saa sita mchana kwa sababu ghorofa za pande zote mbili zimesimama ukuta kwa ukuta. Dirisha ukilifungua, unaukuta ukuta wa jirani, na mkono ukiunyoosha unaushika. Nguo hukauka juu ya paa au zinaning'inia kwenye vyuma vya korido zikidondoshea watu wa chini. Siku maji yasipokuja, mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mkokoteni na kubebwa ngazi hadi ghorofa ya sita. Mitungi hamsini ndiyo mita moja ya ujazo. Kwa shilingi kumi kila mtungi, hiyo ni shilingi 500, wakati mwenye mfereji wa kampuni ya maji ya jiji hulipa sehemu ndogo tu ya hizo kwa maji yale yale.

Benki ya Dunia iliwahi kutoa ripoti kuhusu mitaa duni ya Nairobi, mwaka 2006, iliyokuta jambo hilo hilo: wakazi karibu wote ni wapangaji, na wanalipa pesa nyingi kwa makazi ya hali ya chini. Tofauti ya Pipeline ni kwamba mabati yamegeuka mawe na kupanda juu. Jengo la Huruma lililoporomoka usiku wa mvua mwezi Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 50 lilikuwa la aina hiyo, ghorofa za vyumba vya kupangisha kando ya mto. Gharama ya hatari hiyo haionekani kwenye risiti ya kodi, ila imo.

Wenye pesa nyingi nao hukubali nafasi ndogo wanapotaka. Ripoti za kampuni ya Knight Frank zinaonyesha kwamba dola milioni moja kule Monaco hununua chini ya mita 20 za mraba za nyumba ya kifahari, ukubwa wa singo rumu mbili za Pipeline. Bei, basi, inategemea nani yuko kando yako, sheria gani inakulinda na nani amezuiwa kujenga karibu nawe. Saruji ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

"Jumba la mabilioni lina thamani hiyo, la sivyo nani angetaja bei hiyo?"

Kutaja si kuuza. Huko Bel Air, Los Angeles, kulijengwa jumba lililopewa jina The One, lenye futi za mraba zaidi ya laki moja, na kwa miaka likatangazwa kuwa litauzwa dola milioni 500. Mwaka 2022, baada ya madeni kumzidi aliyelijenga, liliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 126. Mwaka 2008 bilionea Mrusi Mikhail Prokhorov alikubali kununua Villa Leopolda, kusini mwa Ufaransa, kwa mamia ya mamilioni ya yuro. Alipoghairi, alipoteza malipo ya kwanza ya yuro milioni 39. Na orodha za nyumba ghali zaidi duniani hupenda kuanza na kasri la Buckingham, ilhali kasri hilo haliko sokoni wala mfalme hawezi kuliuza kama mali yake binafsi. Bei ya kitu kisichouzika ni makisio tu.

Nasema hivi kwa sababu Nairobi nayo ina bei za matangazo. Wakala anaweza kuweka bango la nusu bilioni kwenye lango la Muthaiga likakaa hapo mpaka likapauka. Lakini bei hiyo ya bango ndiyo inayosomwa redioni, na mwenye kiwanja cha jirani anaitumia kupandisha yake.

"Matajiri walichagua sehemu nzuri, maskini wakajikusanya mashariki."

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu watoto wa Eastlands wanakua wakiamini kwamba ramani ya Nairobi ilichorwa na bidii. Ilichorwa na serikali. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji, naye akapendekeza watu watengwe kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi pao, Waafrika pao. Siku ya mwisho ya mwaka huo huo, katika mkesha wa mwaka mpya, klabu ya Muthaiga ikafunguliwa. Hati za viwanja vya magharibi na kaskazini zikawekwa masharti ya nani anaruhusiwa kumiliki au kuishi hapo. Mwafrika akahesabiwa mgeni wa muda, mwanamume asiye na mke, anayehitaji kitanda na kipande shingoni. Pumwani ilitengwa mapema miaka ya 1920. Kijiji cha zamani cha Pangani, ambako Waislamu na Waswahili walikuwa wamejijengea nyumba zao na kupangisha, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo.

Tena udongo wenyewe unasema. Karen, Muthaiga na Runda ziko juu ya udongo mwekundu unaopitisha maji na kushika msingi. Donholm, Umoja, Kayole na Embakasi ziko juu ya udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Fundi yeyote wa Eastlands atakwambia: kabla ya jiwe la kwanza lazima uchimbe uutoe huo udongo wote, uujaze mwingine. Kujenga kwetu ni ghali kuanzia chini.

Baada ya uhuru sheria ya rangi ilifutwa, lakini ukubwa wa viwanja ulibaki. Kanuni za mipango za jiji ziliendelea kukataza viwanja vya mitaa ya kifahari visigawanywe vipande vidogo. Ukiwa na nusu ekari kule, sheria inakuhakikishia kwamba jirani hataleta ghorofa saba dirishani pako. Ulinzi huo una bei, nayo imo ndani ya bei ya jumba. Mtu wa Pipeline hajawahi kupewa ulinzi wa namna hiyo, hata pale sheria ilipoandika kwamba anastahili mwanya kati ya jengo na jengo.

"Wenye majumba ndio wanaolipa kodi inayoendesha jiji."

Kwa karibu miaka arobaini Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa kutumia orodha ya uthamini ya mwaka 1980. Ardhi ya Karen, Runda na Upper Hill ilipanda mara nyingi ajabu ndani ya muda huo. Kodi ikaendelea kupimwa kwa thamani ya enzi zile, hadi orodha ya 2019 ilipokuja kuchukua nafasi yake. Isitoshe, kwa desturi ya Nairobi kodi hiyo hupimwa kwa ardhi tupu. Jumba la vyumba kumi na kiwanja chenye nyasi tu, vikiwa sawa kwa ukubwa na viko mtaa mmoja, hutozwa sawa.

Faida ya kuuza je? Kodi ya faida ya mauzo ya ardhi ilisitishwa mwaka 1985 na haikurudi mpaka Januari 2015, tena kwa asilimia 5. Ilifika asilimia 15 Januari 2023. Miaka thelathini mtu aliweza kununua ekari, kusubiri barabara ijengwe kwa pesa za umma, akauza na faida yote ikabaki mfukoni mwake. Wakati huo karani wa Buruburu alikuwa anakatwa kodi kabla mshahara haujamfikia. Na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, anakatwa tena asilimia 1.5 ya mshahara wote kujenga nyumba.

Kuna deni jingine lisiloandikwa kwenye risiti yoyote. Taka za Muthaiga, Lavington na Karen zikishapakiwa kwenye lori huishia kwenye jaa la Dandora, huku kwetu mashariki. Jaa hilo lilianza miaka ya 1970, wakati ule ule Benki ya Dunia ilipokuwa ikifadhili viwanja vya wenye kipato cha chini hapo hapo, na lilitangazwa kujaa tangu 2001. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri kati ya mitaa ya mabalozi, lilichunguza watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo mwaka 2007 na kukuta nusu yao wana madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Majitaka nayo huteremka kuja mashariki hadi mabwawa ya Ruai. Bustani za magharibi zinanukia maua kwa sababu kuna watoto wa mashariki wanaovuta moshi. Nani hapo anamlipia mwenzake?

"Mitaa ya zamani ya Eastlands ni ardhi iliyolala."

Dai hili ndilo hatari kuliko yote, na linasemwa na watu wenye madaraka. Wanatazama nyumba za chini za Kaloleni, Maringo, Bahati, Ziwani na Jericho kutoka juu ya daraja, wanaona uwanja, miti na mabati ya vibanda, wanapiga hesabu ya ghorofa ngapi zingeingia.

Shuka ukatembee Kaloleni. Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, katikati kukiwa na ukumbi wa mikutano. Ukumbi huo ulisikia siasa za uhuru kabla Bunge halijawa la Waafrika. Maktaba yake, tawi la Maktaba ya McMillan, ilikuwa imechakaa mpaka shirika la Book Bunk lilipoikarabati. Sasa jioni utakuta watoto wa shule wamekaa kwenye meza wakifanya kazi zao, kwa sababu nyumbani chumba ni kimoja na televisheni inaimba. Nje kuna mama anayeuza mihogo, fundi wa baiskeli, wazee wa draughts, vijana wa mpira. Hakuna saa ya mchana ambapo ardhi hiyo haitumiki na watu wengi. Linganisha na nusu ekari ya Runda ambako mchana kutwa kuna mlinzi, mtunza bustani na mbwa, wenye nyumba wamekwenda kazini au wako ng'ambo. Tukitafuta ardhi iliyolala Nairobi, tusianzie Kaloleni.

Sikatai ujenzi. Mabomba ya mitaa hii yameoza, vyoo vya pamoja vimechoka, familia za watu wanane ziko kwenye chumba na sebule. Watu wa Eastlands wenyewe wamejenga bila kungoja mtu: nenda Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, uone karibu kila nyumba imeongezwa vyumba mbele, chini duka la dawa au saluni, juu wapangaji. Tunachokataa ni kujengwa juu yetu bila sisi.

Tuna kumbukumbu. Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli, uliingia mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi hao. Mwaka 2010 wakazi, wengine wao wastaafu wa reli hiyo hiyo, walikatiwa maji na kuambiwa wahame. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki zao zilikiukwa, akaagiza pande zote zikutane kupanga jinsi ya kuhama kwa utu. Januari 2021 Mahakama ya Upeo, katika kesi ya kijiji cha Mitumba kilichobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilisema wazi kwamba hata walio kwenye ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi inayolindwa na Kifungu cha 43 cha Katiba.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Jumba linalotajwa mara nyingi kuwa nyumba ghali zaidi ya mtu binafsi duniani ni Antilia ya Mumbai, ghorofa 27, la familia ya Mukesh Ambani, lililokamilika 2010. Kiwanja chake kilikuwa mali ya wakfu wa kulea watoto yatima. Kiliuzwa mwaka 2002 kwa rupia zaidi ya milioni 200, bei ambayo wengi walisema ni sehemu ndogo tu ya thamani yake, na mabishano yake yalifika mahakamani. Mtaa wa wanyonge ukishaitwa ardhi iliyolala, hatua inayofuata ni bei ya kutupa.

"Aliyefaulu huhama Eastlands."

Wengine huhama, wengine hukataa. Wenye biashara za Eastleigh, zilizoshamiri baada ya wakimbizi wa Kisomali kuingia kuanzia 1991 na kugeuza nyumba ya wageni ya Garissa Lodge kuwa soko, wamewekeza hapo hapo. Kwa makadirio ya kampuni ya HassConsult, ekari moja Eastleigh inauzwa mara kadhaa ya ekari ya Karen, na ekari ya Donholm inakwenda bega kwa bega na ya Karen. Ukitaka kujua ardhi inayozalisha pesa jijini, ndiyo hiyo. Karen ni ghali kwa sababu mtu mmoja anaichukua nyingi.

Kijana anayeota kujenga jumba simlaumu. Mama yangu naye aliota, na alikuwa akipanga kwenye chumba kimoja. Naomba tu asiambiwe kwamba mtaa uliomlea ni mahali pa walioshindwa.

Sasa, ndugu msomaji unayeishi Jericho, Maringo, Ziwani, Makongeni au Bahati: ukiitwa kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu mtaa wako, nenda, na usiende peke yako. Beba risiti zako za kodi, hata zile za zamani za baba yako. Uliza mambo matatu na udai majibu kwa maandishi. Ni nyumba ngapi kati ya hizo mpya zitatengewa wenye kipato kilicho chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ambao sheria ya 2024 inawaita walengwa wa makazi ya jamii? Mpangaji wa sasa atarudi lini, kwa kodi gani, na nani ametia sahihi? Na ardhi ya mtaa imethaminiwa kwa bei gani, na nani? Ripoti ya kikao ikitoka, isome kabla hujapiga kura Agosti 2027, na umuulize kila anayetaka kiti cha kaunti kama ataitoza Muthaiga kodi kwa thamani ya leo.